Kusi imeingia na tokeni haikai: wapi pa kutazama kwanza

Kuanzia Juni hadi Agosti Lamu hupoa. Upepo wa kusi huvuma tangu alfajiri, rasharasha hupita na kurudi, na usiku joto huteremka hadi nyuzi 24 hivi. Mtu wa Limuru atacheka akisikia hiyo ikiitwa baridi, lakini mtoto wa mtaa wa Langoni anayeamshwa gizani aoge aende shule hacheki. Ndipo malalamiko huanza: tokeni ya stima (nambari za umeme wa kulipia kabla) iliyokuwa ikifika Ijumaa sasa haivuki Jumatano, mtungi wa gesi umeisha kabla ya mwezi, na makaa yanatoa moshi kuliko moto.

La ajabu ni kwamba huu ndio msimu ambao gharama ya stima ingeshuka. Mapanka hayazunguki usiku kucha. Mwenye eya-kondishena ameizima. Friji nayo inapata nafuu kwa sababu jikoni si joto kama Machi. Kwa hivyo ukiona matumizi yamepanda wakati wa kusi, usianze kugombana na watoto juu ya taa. Tafuta kitu kinachopasha joto. Balbu ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 110 ndipo imalize yuniti moja, yaani kilowati-saa (kWh) moja. Shawa ya maji moto ya wati 5,000 huimaliza yuniti hiyo kwa dakika 12.

Na mawaidha ya kuziba madirisha na kuweka mapazia mazito yaachie ndugu zetu wa Uingereza na Kanada. Huko pesa nyingi huenda kwenye kupasha nyumba yenyewe. Hapa hakuna anayepasha nyumba, tunapasha maji na chakula. Nyumba ya mawe ya Mkomani ukiifunga madirisha wakati wa kusi utapata ukungu ukutani na nguo zisizokauka, halafu utazikausha kwa pasi, na hilo tutalifikia.

Isome mita kabla ya kumwita fundi

Mita ya tokeni ina taa ndogo, mara nyingi nyekundu, inayometa kila stima inapopita. Kando yake kumeandikwa nambari kama 1000 imp/kWh, maana yake taa ikimeta mara 1,000 yuniti moja imekwisha. Kwa mita ya namna hiyo, hesabu sekunde kati ya kumeta na kumeta, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika wakati huo huo. Ikimeta kila baada ya sekunde 36, nyumba inavuta wati 100. Ikimeta kila sekunde 3, ni wati 1,200, na kuna kitu cha moto kimewashwa mahali. Kama mita yako imeandikwa 1600 au 3200, gawa jibu kwa 1.6 au kwa 3.2.

Fanya jaribio hili usiku, wote wakishalala. Kwanza zima swichi kubwa ya nyumba na usimame mbele ya mita dakika tano. Isipometa kabisa, vyema. Ikiendelea kumeta na swichi kubwa imezimwa, kuna waya unaochukua stima kati ya mita na swichi yako. Labda ni duka la chini, labda ni chumba cha juu kilichoongezwa baadaye na fundi wa haraka. Hapo usiguse kitu wala usivunje sili; ni kazi ya kampuni ya umeme na ya fundi mwenye leseni.

Ikiwa imetulia, washa swichi kubwa lakini chomoa kila kitu kwenye soketi, friji na runinga pia, na uzime taa zote. Ikimeta sasa, zima breka moja moja hadi itulie. Breka iliyoituliza ndiyo yenye tatizo. Mara nyingi utakuta pampu au shawa iliyofungwa moja kwa moja bila soketi, ambayo kila mtu ameisahau. Isipokuwa hivyo, shuku waya zenyewe. Nyumba zetu zinakaa na chumvi. Kuta za matumbawe hunyonya unyevu, viungo vya waya hupata kutu, na stima huanza kuvuja kidogo kidogo kwenda ardhini. Ukuta au bomba linalokutetemesha ukiligusa ni dalili ileile, nayo haingoji mwisho wa mwezi.

Dalili: matumizi yamepanda ghafla tangu baridi ianze

Hapa mshukiwa ni shawa ya moto. Tufanye hesabu ya nyumba ya watu watano, kila mmoja akioga dakika kumi kwa shawa ya wati 5,000. Kila mtu anatumia yuniti 0.83. Kwa siku ni zaidi ya yuniti 4, na kwa siku 30 ni karibu yuniti 125, kabla hujawasha taa hata moja.

Idadi hiyo ina jambo la pili baya. Bei ya stima ya nyumbani imegawanywa kwa madaraja: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaofika 100, na wanaozidi 100. Daraja lako hutokana na wastani wa miezi mitatu iliyopita. Basi familia iliyokuwa ikitumia yuniti 80 na ikaongeza shawa ya moto hailipii yuniti za ziada tu. Inapanda daraja, na bei ya juu huendelea kuwafuata hata baada ya baridi kuisha, mpaka wastani ushuke tena.

Dawa ya bei nafuu kabisa ni ndoo. Chukua lita 2 za maji yaliyochemka, uzichanganye na lita 8 za maji ya bomba yenye nyuzi 26 hivi. Utapata lita 10 zenye nyuzi 41, yaani maji ambayo hata bibi hatayalalamikia. Kuchemsha lita 2 kwa jagi la stima hula karibu sehemu moja ya tano ya yuniti, robo ya kile kinacholiwa na shawa. Kwa gesi ni takriban gramu 25, ikiwa sufuria imefunikwa na moto haupepei pembeni.

Njia ya pili haina gharama. Tangi jeusi lililo juani darini hupata joto mchana hata siku ya mawingu mepesi. Maji yake ni vuguvugu alasiri na baridi alfajiri. Watoto waoge kabla ya magharibi, na asubuhi wanawe uso na miguu tu. Najua mama wengi hawatakubali mtoto aende shule bila kuoga asubuhi, na sitashindana nao. Ila wale wenye watoto wanne wapige hesabu tena.

Usipotaka kuachana na shawa, tazama kwanza kitufe chake. Shawa nyingi zina hatua mbili za joto, na watu huweka ya juu kabisa kisha hufungulia maji mengi yapoe. Weka ya chini na upunguze mbio za maji. Uzime unapojipaka sabuni.

Mshukiwa wa pili ni pasi. Kanzu ya Ijumaa na sare za shule zikiwa hazijakauka, watu huzikausha kwa pasi, na hapo pasi inaacha kunyoosha inaanza kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kitambaa. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula zaidi ya nusu yuniti hata kama hakuna joto linalopotea, na kwa pasi hupotea jingi. Kusi ina upepo mkali, tumia huo. Anika darini mvua inapokatika, au ndani ya chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, yote wazi. Pasi ipigwe mara moja kwa wiki, nguo zote pamoja, kwa kuwa kuipasha upya kila asubuhi kwa shati moja ni hasara tupu.

Dalili: mita inameta hata tukilala

Kama umeme unaotumika usiku ni wati mia hivi, unaopanda na kushuka, hiyo ni friji, na ni haki yake. Friji nyingi zisizo na kasoro hufanya kazi kwa vipindi: kompresa hunguruma, hunyamaza, hunguruma tena. Isiyonyamaza kabisa ndani ya saa mbili, msimu huu wa baridi, huenda ina tatizo.

Anza na raba ya mlango. Bana karatasi mlangoni, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, hewa yenye unyevu inaingia usiku na mchana. Raba ngumu huoshwa kwa maji ya moto na sabuni ikalainika, iliyopasuka hubadilishwa. Halafu tazama barafu. Ikizidi nusu sentimita, iyeyushe, wala usiipige kisu, kwa sababu ukitoboa bomba la ndani gesi yote itatoka. Nyuma ya friji, mabomba membamba hushika vumbi na chumvi. Chomoa friji uyasugue kwa brashi laini. Iache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Na isikae karibu na seredani (jiko la makaa), jambo ambalo katika jiko dogo la nyumba ya mawe hutokea zaidi kuliko watu wanavyokiri.

Neno kwa wanaouza barafu za pakiti. Kugandisha lita 10 za maji kwa friji ya nyumbani kunaweza kula karibu yuniti nzima, zaidi kama friji ni ya zamani. Toa bei ya yuniti hiyo katika mauzo ya siku uone kilichobaki. Wakati wa kaskazi, jua likiwaka na wateja wakiwa wengi, biashara hiyo ina maana. Julai huenda unawagawia watoto wa mtaa stima yako.

Ikiwa mita hutulia, kisha humeta mbio kwa dakika moja au mbili, hutulia tena, usiku kucha, sikiliza pampu. Choo kinachovuja au bomba lisilofunga vizuri huifanya pampu ya presha iamke kila mara. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo bila kuvuta maji. Baada ya nusu saa ukiona rangi bakulini, umepata chanzo. Raba ya choo ni ya shilingi chache. Na maji yenyewe ya mji huu yanategemea milima ya mchanga ya Shela, ambayo haina maji ya kumwaga.

Dalili: pesa zilezile, yuniti zimepungua

Hapa nyumba yako inaweza kuwa haina kosa. Fungua ujumbe wa tokeni wa miezi mitatu, gawa pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata, uandike majibu kando kando. Ujumbe huonyesha pia makato: gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya usambazaji wa umeme vijijini na VAT ya asilimia 16. Gharama ya mafuta na ya fedha za kigeni hubadilika kila mwezi, kwa hivyo tofauti ndogo ni ya kawaida. Tofauti kubwa ina maana umepanda daraja, au kuna deni linalokatwa.

Ile imani ya kwamba ukinunua mapema mwezini unapata yuniti nyingi, au chache, ina asili yake. Zamani kulikuwa na ada ya kudumu ya shilingi 150 iliyokatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Iliondolewa mwaka 2018. Leo kununua kidogo kidogo hakukupunguzii kitu, isipokuwa ada ya kutuma pesa kama ipo.

Sababu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote mjini ni mita moja ya pamoja. Nyumba ya ghorofa tatu iligawanywa, chini kuna duka, juu kuna wapangaji, na mita ni ile ya marehemu babu. Chukua familia nne, kila moja ikitumia yuniti 28. Kila moja ingekuwa na mita yake, zote zingekuwa daraja la chini kabisa. Pamoja ni yuniti 112, na wote wanalipa bei ya juu. Mita ndogo za ndani anazoweka mwenye nyumba hugawanya hesabu tu, daraja hazilishushi. Wapangaji wakae na mwenye nyumba waombe mita tofauti. Ni safari ya makaratasi, lakini akiba yake huja kila mwezi. Mpaka hapo, mwenye nyumba aonyeshe ujumbe wa tokeni kwa wapangaji, ili anayelipa shilingi 35 kwa yuniti ajue kama ndiyo bei iliyonunuliwa.

Dalili: taa zinafifia shawa ikiwashwa

Shawa ya wati 5,000 huvuta zaidi ya ampia 20. Soketi ya kawaida ni ya ampia 13. Shawa inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye breka yake, pamoja na waya wa ardhi. Soketi yenye joto, plagi iliyogeuka rangi ya kahawia, harufu ya plastiki: zima leo, si kesho. Vichochoro vyetu ni vyembamba na mapaa ya makuti yako jirani.

Dalili: gesi haimalizi mwezi

Kabla ya kulaumu upishi, pima. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Kwa mtungi wa kilo 6, jumlisha 6 na uzito huo; mtungi uliojaa lazima ufike jumla hiyo kwenye mizani. Mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki inatosha kabisa, na muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwomba apime mbele yako kabla mtungi haujapanda mkokoteni wa punda. Andika tarehe ubavuni.

Kama uzito ulikuwa kamili, tafuta uvujaji kwa povu la sabuni kwenye regulata, mpira na viungo. Usitumie kiberiti, hata kwa mzaha. Kisha tazama rangi ya moto. Wa buluu ni mzuri. Wa manjano unaopaka masufuria masizi una vitundu vilivyoziba. Visafishe kwa sindano na uvikaushe. Kusi ina ujanja wake pia: dirisha la jikoni linalotazama kusini hupeperusha moto pembeni, na nusu ya joto inakwenda ukutani. Sogeza jiko au kinga upande huo kwa bati, huku hewa ikiendelea kupita.

Mbaazi na maharage yalowekwe tangu usiku. Wali ukishakauka maji, punguza gesi au uupalie makaa kama walivyofanya wazee, badala ya kuuacha juu ya moto mkubwa.

Dalili: makaa yanatoa moshi, yanapasuka, hayadumu

Yamelowa. Makaa hutoka bara, huvushwa kwa mashua, na hununuliwa kwa mkebe, kwa hivyo huoni kwamba sehemu ya joto utakalolilipia itaishia kukausha maji yaliyomo ndani yake. Nunua kabla ya siku za mvua, uyaweke juu ya mbao mbali na sakafu, na yatakayotumika leo yaanikwe tangu jana. Kama unatumia seredani ya bati tupu, jiko lenye ndani ya udongo, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa theluthi na zaidi. Udongo ukipasuka badilisha, kwa maana jiko la bati lenye udongo uliovunjika linarudi kuwa seredani.

Usiliingize jiko la makaa chumba cha kulala ili kupasha joto, hata makaa yakiwa yamebaki mekundu bila moshi. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Mtoto mchanga mvalishe soksi na shuka ya pili.

Dalili: mita inakataa tokeni

Hesabu tarakimu, ni 20. Hakikisha nambari ya mita ni yako na tokeni haijatumika. Kama mita ilikuwa haijasasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, haitapokea tokeni mpya mpaka iingizwe misimbo ya kuisasisha. Nyumba za Shela zinazofungwa miezi mingi wenyewe wakiwa ng'ambo ndizo hukumbwa na hili. Misimbo huja pamoja na tokeni: makundi mawili ya tarakimu 20 kwanza, kisha tokeni yenyewe, kwa mpangilio huo.

Ikishindikana, piga *977# au nenda ofisini ukiwa na nambari ya mita, ujumbe wa tokeni tatu za mwisho, na karatasi uliyoandika sekunde za kumeta ukiwa umezima swichi kubwa na ukiwa umeiwasha.